Tusifunge Faili Siku Mgonjwa Anapotoka Wodini

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wanakamati wa diakonia na huduma za jamii kutoka sharika, pamoja na wageni wafadhili, Nyarugusu, Geita

  

Tunamshukuru Mungu aliyetukutanisha leo hapa Nyarugusu. Kwa faida ya wageni tuanze na jambo dogo. Marafiki wengine wa mbali wakisikia jina hili hutuuliza habari za kambi ya wakimbizi. Ile Nyarugusu ya kambi iko wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma. Hii yetu ni Nyarugusu ya dhahabu, katika mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012. Nyarugusu ya maduara, makarasha na wachimbaji wadogo.

Tumeombwa tuzungumzie mfuko wa matibabu. Tumeona ni afadhali, badala ya kusoma hesabu ambazo mnazo tayari mikononi, tuzungumzie mgonjwa mmoja, ugonjwa mmoja na kosa moja. Ugonjwa wenyewe hauwapati watu wengi. Lakini kosa ni letu sote, na tumelifanya kwa wagonjwa wa kila aina.

Mgonjwa aliyetufundisha

Ndugu huyu ni mchimbaji mdogo. Jina lake hatutalitaja, naye ameturidhia tusimulie habari zake. Kwa miaka mingi alikunywa gongo, na hilo hafichi. Mwaka 2019 aliacha, akaungama, akarudi kundini. Hata hivyo maumivu aliyokuwa nayo hayakuacha. Yalikuwa yanaanzia juu ya kitovu na kupenya hadi mgongoni, hasa baada ya kula. Alitibiwa vidonda vya tumbo mara kadhaa bila nafuu. Hatimaye alipimwa katika hospitali ya rufaa, ikaonekana kwamba kongosho lake lina mawe na mfereji wake umevimba.

Mwaka 2021 alifanyiwa operesheni. Madaktari waliupasua ule mfereji kwa urefu wake na kuuunganisha na utumbo mwembamba, ili maji ya kongosho yapate njia ya kutoka. Usharika ulichanga nusu ya gharama, mfuko wa dayosisi ukatoa nusu. Alirudi nyumbani, akanenepa, akatoa ushuhuda mbele ya usharika. Nasi tukaandika katika taarifa ya robo mwaka: mgonjwa mmoja, operesheni imefanikiwa. Faili likafungwa.

Mwaka 2023 maumivu yalirudi. Ndugu huyu alikuja mbele ya kamati kuomba nauli ya kurudi hospitali. Kamati ilikaa, ikajadili, ikaamua kwamba amerudia gongo. Hakuna aliyekuwa amemkuta na pombe. Hakuna aliyemwuliza mkewe. Muhtasari wa kikao ulipotufikia ofisini tuliusoma, tukatia sahihi. Hivyo tunaposema kosa, hatuisemi kamati ile peke yake. Tunajisema na sisi.

Ikapita miezi minne. Alikonda hata mkanda wa suruali ukaongezwa matundu mawili. Ndipo mwinjilisti wa mtaa alipomtembelea, akaomba kuona karatasi za hospitali. Zilikuwa zimehifadhiwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Barua ya kutoka wodini ilikuwa ya Kiingereza. Mwinjilisti aliileta ofisini kwetu, akaiweka mezani na kuuliza: "Wapendwa, barua hii mliisoma?"

Hatukuisoma. Mstari wake wa mwisho ulieleza kwamba maumivu yakirudi, mgonjwa arudishwe kwa daktari, kwa kuwa sehemu iliyounganishwa inaweza kusinyaa.

Kongosho ni nini, na kwa nini kiungio huziba

Sisi si madaktari. Tuliyojifunza tumejifunza kwa kuuliza na kusoma, na tunawaeleza kwa lugha yetu ya kila siku.

Kongosho ni kiungo kirefu kilicholala nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo. Kina kazi mbili kubwa. Kwanza hutengeneza maji yenye vimeng'enya vya kusaga chakula, hasa mafuta. Pili hutengeneza insulini, ambayo hurekebisha sukari katika damu. Yale maji husafiri katika mfereji mwembamba sana, kwa kawaida wenye upana wa milimita chache tu, hadi yanapotokea katika utumbo kupitia mlango mdogo unaotumiwa pia na nyongo.

Ninyi watu wa Nyarugusu mnajua maduara, basi tutumie mfano wenu. Duara lina maji, na maji hayo hutolewa kwa pampu na mpira mrefu. Mpira ukijikunja au ukizibwa na tope mahali pamoja, pampu ni nzima, lakini maji yanapanda chini na kazi inasimama. Ndivyo ilivyo kwa mfereji wa kongosho. Ukiziba, maji yanarudi nyuma, presha inapanda, na mgonjwa anapata maumivu ambayo dawa za kawaida haziyatulizi.

Sababu za kuharibika kwa kongosho ni nyingi. Pombe ni mojawapo ya zile kubwa, na sigara huongeza madhara. Lakini, wapendwa, siyo kila mwenye kongosho bovu ni mlevi. Mwaka 1960 daktari A. G. Shaper, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika kuhusu ugonjwa sugu wa kongosho nchini Uganda na kuuhusisha na lishe duni, wala si na pombe. Kule Kerala, India, ugonjwa wa namna hiyo umejulikana kwa miaka mingi, nao huwapata hata vijana wadogo. Siku hizi wataalamu wanaona kwamba lishe peke yake haitoshi kuueleza, na kwamba urithi wa kifamilia nao unachangia. Wako pia waliogongwa tumboni na usukani wa pikipiki, na wenye uvimbe au saratani. Kwa hiyo kamati inapomwona mtu ana ugonjwa wa kongosho na kuhitimisha papo hapo kwamba ni gongo, inafanya kazi ya hakimu bila kusikiliza mashahidi.

Operesheni za kongosho ziko za aina kadhaa. Mbili tuzikumbuke, kwa sababu zinaleta tofauti baadaye. Ya kwanza ni ile aliyofanyiwa ndugu yetu, iliyoanzishwa Marekani na daktari Puestow na mwenzake mwaka 1958. Hapo mfereji hupasuliwa na kushonwa kwenye utumbo, lakini tumbo na mlango wa asili wa kongosho hubaki mahali pake. Ya pili ni ile inayojulikana kwa jina la Whipple, daktari wa New York aliyeitangaza mwaka 1935. Hapo kichwa cha kongosho huondolewa pamoja na sehemu ya kwanza ya utumbo, mara nyingi kwa sababu ya saratani, na kipande cha kongosho kilichobaki huunganishwa upya na utumbo au na tumbo. Mlango wa asili hauko tena.

Katika operesheni zote mbili daktari ametengeneza kiungio kipya. Kidonda kinapopona huacha kovu, na kovu husinyaa. Kama mfereji ulikuwa mwembamba tangu mwanzo, au kama palivuja mahali hapo siku za mwanzo baada ya operesheni, kovu linaweza kuwa kubwa zaidi. Mawe nayo yanaweza kujengeka upya. Kwa waliofanyiwa operesheni ya Whipple, taarifa za hospitali mbalimbali duniani zinataja kiungio kusinyaa na kuleta dalili kwa mgonjwa 1 au 2 hadi 11 hivi katika kila 100. Inaweza kutokea baada ya miezi, na inaweza kutokea baada ya miaka. Aidha, aliyewahi kuwa na saratani sharti apimwe kuhakikisha kwamba kinachoziba siyo saratani iliyorudi.

Ikumbukwe pia kwamba wengine huonekana kwenye picha kuwa kiungio kimesinyaa, nao hawana maumivu yoyote. Hao mara nyingi daktari huwaangalia tu bila kuwagusa. Kinachotafutiwa tiba ni mateso ya mgonjwa. Picha peke yake haitoshi.

Jinsi kiungio kinavyofunguliwa bila kupasua

Zamani dawa ya kiungio kilichoziba ilikuwa moja: kumpasua mgonjwa mara ya pili. Kupasua mahali palipokwisha kupasuliwa ni kazi ngumu, kwa sababu matumbo yamegandana kwa makovu. Leo, pale penye vifaa na wataalamu, madaktari hujaribu kwanza kupita ndani, kwa endoskopi.

Endoskopi ni mpira mwembamba unaopinda, wenye taa na kamera mbele, unaopitishwa mdomoni wakati mgonjwa amepewa dawa ya usingizi. Aina ya kwanza inayopinda kwa urahisi ilitumika mwaka 1957. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba wamefaulu kuingiza dawa ya eksirei katika mlango wa nyongo na kongosho kwa kutumia kifaa hicho. Mwaka 1974 wenzao wa Ujerumani na Japani wakaonyesha kwamba mlango ule unaweza kupanuliwa kwa kukatwa kidogo kutokea ndani. Tangu hapo endoskopi imekuwa chombo cha kutibu, siyo cha kutazama tu.

Kwa mgonjwa ambaye mlango wake wa asili ungali upo, kama ndugu yetu, daktari anaweza kupita njia hiyo ya kawaida. Huingiza waya mwembamba katika mfereji huku akitazama eksirei. Juu ya waya hupitisha kijiputo ambacho hujazwa maji mahali palipobana ili pafunguke. Mawe yanayowezekana kutolewa hutolewa. Kisha huacha ndani kibomba kidogo cha plastiki kiitwacho stenti, ili mahali pale pasijifunge tena haraka.

Kwa mgonjwa wa Whipple safari ni ngumu zaidi. Endoskopi ya kawaida mara nyingi haifiki kwenye kiungio, kwa kuwa utumbo umepangwa upya na njia imekuwa ndefu yenye kona. Kuna vifaa virefu vyenye maputo vinavyoukunja utumbo kama mkono wa shati. Njia hiyo ilitangazwa na daktari Hironori Yamamoto wa Japani mwaka 2001. Hata ukifika, kiungio chenyewe kinaweza kuwa kimebaki tundu la sindano lililojificha katika mkunjo, usilione. Kwa sababu hiyo imebuniwa njia nyingine. Endoskopi yenye ultrasaundi kwenye ncha yake huingizwa tumboni, daktari huuona mfereji uliovimba ng'ambo ya ukuta wa tumbo, huuchoma kwa sindano na kupitisha waya mpaka uvuke kiungio kilichoziba. Baada ya hapo hupanua na kuweka stenti.

Mwaka 2017 ulitolewa uchunguzi uliolinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa 66 waliokuwa wamefanyiwa operesheni ya Whipple. Njia ya ultrasaundi ilifanikiwa mara zaidi ya 9 katika kila 10. Ile ya endoskopi ndefu ilifanikiwa mara 2 tu katika 10. Lakini njia iliyofanikiwa zaidi ndiyo iliyoleta matatizo zaidi: karibu mara 35 katika kila 100, kulinganisha na mara 3 hivi kwa ile nyingine. Mengi kati ya matatizo hayo hutibika, lakini huhitaji kitanda, damu, dawa na daktari wa upasuaji aliye karibu. Tunawaeleza haya ili asiwepo mtu wa kuwaahidi wagonjwa wetu kwamba ni jambo la kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ikishindikana kwa endoskopi, operesheni ya pili bado ni tiba halali.

Stenti ni kama matimba

Hapa tunaomba kila mwanakamati asikilize kwa makini.

Stenti ya plastiki haikai milele. Uchafu hujijenga ndani yake na kuiziba, mara nyingi katika muda wa miezi michache. Kwa hiyo daktari humpa mgonjwa tarehe ya kurudi, ili itolewe au ibadilishwe. Wengine hubadilishiwa mara kadhaa kabla mahali pale hapajakubali kubaki wazi. Stenti iliyosahauliwa inaweza kuleta maambukizi, homa kali, mawe mapya na kuharibika zaidi kwa mfereji. Kitu kilichowekwa ili kuponya kinageuka kuwa chanzo cha ugonjwa.

Wachimbaji wanajua matimba yanayoshikilia kuta za duara. Hakuna anayeweka matimba mara moja, akashuka miaka kumi bila kuyakagua. Stenti nayo ni hivyo hivyo. Mtu aliyewekewa stenti hajamaliza matibabu. Yuko katikati ya matibabu.

Ndugu yetu alisafirishwa mwishoni mwa mwaka 2023. Wakati ule tulivuka ziwa kwa kivuko, kutoka Busisi hadi Kigongo, naye amelala kwenye kiti cha nyuma cha gari la dayosisi. Kutoka Mwanza alipelekwa mbali zaidi, kwenye wataalamu wa endoskopi. Mara ya kwanza waya haukupita. Wiki iliyofuata walijaribu tena, ukapita. Wakatoa mawe mawili, wakapanua, wakaweka stenti, wakampa tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu.

Safari hii mhazini wa usharika alifanya jambo moja la hekima. Kabla mgonjwa hajaondoka mara ya kwanza, aliweka nauli ya kurudi mara ya pili katika bahasha, akaandika tarehe juu yake, akaifungia kwenye kasha la usharika. Miezi mitatu ilipofika ulikuwa msimu wa kilimo na sadaka ilikuwa imepungua sana. Bila bahasha ile asingekwenda. Alikwenda, stenti ikabadilishwa. Baada ya miezi mingine ikatolewa kabisa.

Leo yuko hai na anafanya kazi. Hashuki tena duarani; anasimamia karasha. Hatutasema kwamba amepona kama mtoto mchanga. Kuna siku anaumwa. Anatumia dawa za vimeng'enya pamoja na chakula, na anapima sukari, kwa kuwa kongosho lililochoka huelekea kwenye kisukari. Lakini analala usiku, na anakula mezani pamoja na watoto wake. Kamati ilimwomba radhi. Sisi pia tulimwomba radhi, mbele ya mkewe.

Tunawaomba nini wanakamati

Kwanza, barua ya kutoka wodini isomwe. Kila mgonjwa aliyesaidiwa na mfuko aleteeni nakala yake ofisini, nasi tutaitafsiri kwa Kiswahili kwa msaada wa waganga wa zahanati zetu. Nakala moja ibaki kwa mgonjwa, moja kwa mwinjilisti wa mtaa.

Pili, tarehe ya kurudi iandikwe katika kitabu cha kamati, na nauli yake itengwe kabla ya safari ya kwanza. Kama fedha hazitoshi kwa safari zote mbili, tuambieni mapema.

Tatu, jifunzeni dalili. Mtu aliyewahi kupasuliwa kongosho apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa akiwa na maumivu ya juu ya kitovu yanayopenya mgongoni, akikonda, akitapika mara kwa mara, akipata choo cheupe chenye mafuta kinachoelea, au akikojoa sana na kuwa na kiu isiyoisha. Mwenye stenti akipata homa na kutetemeka, hiyo ni dharura. Asisubiri kikao.

Nne, pigeni simu kwanza. Rufaa huanzia zahanati na kwenda hospitali ya mkoa, na kutoka hapo hospitali ya kanda. Tunayo Bugando jijini Mwanza, tunayo hospitali ya kanda ya Chato katika mkoa wetu, tunayo KCMC kule Moshi, na ya taifa ni Muhimbili. Hata hivyo siyo kila hospitali yenye endoskopi hufanya kazi ya kongosho, na siyo kila anayefanya kazi ya kongosho anaweza kumfikia aliyefanyiwa Whipple. Daktari anayetoa rufaa azungumze na daktari anayepokea, wakubaliane, kisha mgonjwa apande gari. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 hatusubiri tena kivuko, lakini daraja halisaidii kama tunampeleka mgonjwa asikoweza kutibiwa.

Tano, tusihukumu. Na kama kweli mtu amerudia pombe, bado ni mgonjwa wetu. Kumsaidia kuacha pombe na sigara ni sehemu ya tiba ya kongosho, na kazi hiyo kanisa linaiweza.

Tunawaomba nini wafadhili

Wafadhili wetu wapendwa, mmetuchangia kwa uaminifu, na tunawashukuru. Leo tunawaomba mambo mawili, na hakuna hata moja ambalo ni jengo.

La kwanza ni kubadili namna tunavyohesabu. Fomu ya taarifa ya robo mwaka ina safu ya waliofanyiwa operesheni. Haina safu ya hali ya mtu huyo baada ya mwaka mmoja. Sisi ndio tunaoijaza, na kwa miaka yote hatukuwahi kuwaambia kwamba ina upungufu. Tunaomba iongezwe safu ya mwezi wa 12 na ya mwezi wa 24, na fungu dogo la fedha za matibabu ya marejeo lisilotumika kwa kazi nyingine. Hesabu ya waliopasuliwa itapungua kidogo, kwa sababu fedha ni zile zile. Tunaamini hesabu ya walio hai na wenye nafuu itaongezeka.

La pili, baadhi yenu mmetuuliza kwa upendo kama mtununulie endoskopi. Jibu letu kwa sasa ni hapana, asanteni. Kifaa hicho bila daktari aliyefundishwa, bila wauguzi wanaojua kukisafisha, bila eksirei ya kusaidiana nacho na bila fundi, kitaishia kabatini. Tazameni hospitali ya misheni ya Tenwek, katika kaunti ya Bomet, Kenya. Kule saratani ya umio imewasumbua watu kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1999 Tenwek imekuwa ikiwawekea stenti wagonjwa wasioweza kumeza, na mwaka 2009 madaktari wake walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 900. Kilichowafikisha hapo ni madaktari waliokaa, vijana waliofundishwa, na vifaa vilivyoendelea kupatikana mwaka hadi mwaka. Mkitaka kusaidia upande huo, lipieni masomo ya mganga au muuguzi mmoja wa kanda hii katika hospitali inayofanya kazi hiyo tayari.

Msamaria alisema atarudi

Tumalizie na habari mnayoijua nyote, ya Msamaria Mwema katika Injili ya Luka sura ya 10. Tumeihubiri mara nyingi, na mara nyingi tumeishia pale alipofunga majeraha na kumpandisha mtu yule juu ya mnyama wake. Hiyo ndiyo operesheni. Lakini habari haiishii hapo. Msamaria alimfikisha kwenye nyumba ya wageni, akamwuguza, na kesho yake akatoa fedha. Kisha akamwahidi mwenye nyumba kwamba kitakachozidi atakilipa wakati wa kurudi kwake. Aliacha hesabu wazi. Hakufunga faili.

Ndugu zangu, yule mchimbaji yupo nasi humu ndani leo, ameketi kati yenu. Hatutamwonyesha kidole. Kipimo chake kinachofuata ni mwezi ujao, na bahasha yake imo katika kasha la usharika, tarehe imeandikwa juu. Tunaomba kila usharika uliopo hapa urudi nyumbani, ufungue kitabu cha kamati, utafute majina ya wote tuliowasaidia kwa operesheni tangu miaka mitano iliyopita, na umtembelee kila mmoja kabla ya kikao cha robo ijayo. Tuleteeni majibu, hata yale ya kusikitisha. Sisi wa ofisi tumeanza na orodha yetu wenyewe.